Mkwe Juu ya Mukomari

Sylvanus Shikanga akikwambia yeye ni daktari, usimfumbulie mdomo kumwonyesha jino linalokuuma. Wagonjwa wake ni miti. Huipanda, huipunguza matawi, huyatoa yaliyokufa, huyafunga yaliyopasuka, na pale pasipokuwa na njia nyingine ndipo huiangusha. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na saba mjini Kakamega na kandokando yake, na mpaka leo wateja wengi bado humpokea kwa neno moja tu: "Kata!"

"Nikate nini, mama?"

"Mti. Si umekuja na pawa?"

Pawa ndiyo ule msumeno wa injini, unaonguruma mpaka kuku wa jirani wanahama.

"Mti huu ni mzima, mama. Ni tawi moja tu linalogusa mabati."

"Sasa tawi moja ndilo limekutoa mjini na helmeti?"

Basi Shikanga ataketi hapo kwenye kigogo, aeleze polepole kwamba mti ukipunguzwa vizuri utatoa kivuli miaka mingine arobaini. Wengine husikia. Wengine humwacha aeleze, kisha wakamwita mtu wa sokoni aje akate kutoka chini, na mti huo ukaangukia jiko lao kabla haujawa kuni.

Usidhani ni wateja peke yao. Kuna misumari. Watu wa huku hupigilia kila kitu kwenye mti: waya wa ua, tangazo la mkutano wa injili, picha ya mgombea wa udiwani. Mti hunenepa ukaimeza misumari hiyo kimya kimya, na siku Shikanga anapopitisha pawa hapo, cheche zinaruka na mnyororo unakwisha meno. Kuna mvua pia. Mvua ya Kakamega ina saa yake kama mwalimu mkuu: ikifika saa nane mchana inaingia, na ole wako ikikukuta juu ya shina linaloteleza.

Halafu kuna kamba. Kamba ya kupandia ni uhai wa mtu, lakini kwa jirani ni kamba tu. Mwaka juzi shemeji mmoja aliiazima bila kuuliza, akavutia trekta la miwa lililokwama matopeni. Aliirudisha imeoshwa vizuri, na asante juu. Shikanga aliitazama, akachukua panga, akaikatakata vipande vya kufungia ng'ombe. Shemeji alikasirika mwezi mzima. "Kamba nzima kabisa!" alisema. Lakini kamba iliyovuta trekta imekufa ndani, hata kama nje inang'aa, na Shikanga hakutaka kuujua ukweli huo akiwa futi arobaini hewani.

Kwa hayo yote, ukimuuliza, atakwambia Mungu amemtendea mema. Kwanza alimpa Kipyegon. Huyu ni kijeba wa Kinandi kutoka Lugari, mshika kamba wake kwa miaka tisa. Kipyegon hapandi chochote. Mpandishe juu ya meza tu, atashika ukuta. Lakini akiwa chini, kamba mikononi, tawi la kilo mia mbili hushuka kama mtoto anayewekwa kitandani.

Pili, Mungu alimpa mama mkwe.

Hapa lazima nikueleze, maana wenyeji wanajua lakini mgeni asipotee. Mwanamume na mama mkwe wake, kwa desturi za huku, hawapeani mkono, hawali meza moja, hawaitani majina, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akaingia kwenye miwa. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Kwa hiyo katika miaka kumi na tisa ya ndoa yake na Immaculate, Shikanga alimjua mama huyo, Mama Priscah wa upande wa Malava, kwa kisogo chake na kikohozi chake tu.

Lakini miaka saba iliyopita Shikanga alianguka kutoka kwenye mti kule Bukura akavunjika paja. Alilala hospitalini wiki sita. Kila siku ya soko, maziwa na mayai yalifika kutoka Malava. Siku moja muuguzi akamwambia, "Kuna mama ameketi kwenye nyasi hapo nje tangu asubuhi, ameupa ukuta wako mgongo. Nimemwambia aingie, amekataa. Anauliza tu kama umekula." Jioni yule mama akasimama, akakung'uta sketi, akaenda zake. Shikanga alilia siku hiyo, na haikuwa kwa sababu ya paja.

Sasa, mwaka huu, mwezi wa tano, Immaculate alikuwa Malava akimuuguza mama yake, aliyeteleza migombani akavunjika mguu, mguu ukafungwa plasta. Alhamisi asubuhi akampigia mumewe simu.

"Baba Oliver, mvua ya mawe ya jana imepasua ule mukomari. Tawi kubwa limelalia nyumba ya mama, upande wa chumba cha kulala. Likipigwa na upepo mwingine, linaingia ndani."

"Mtoe mama."

"Hatoki."

"Kwa nini hatoki?"

"Kwa sababu nimemwambia unakuja wewe."

Shikanga alitamani kumtuma Wanzala, mpandaji wake wa pili, lakini Wanzala alikuwa matangani Butere, na matanga hayana likizo fupi. Akabeba pawa na kamba, akamchukua Kipyegon, wakafika Malava saa tatu na nusu.

Mti alioukuta ulimtia baridi. Mukomari ni mti wenye mikono mipana, na mkono mmoja, mnene kuliko mtu, ulikuwa umechanika kwenye kwapa. Ulishikwa na ukanda wa mbao usiozidi kiganja, na uzito wake wote ulikuwa juu ya mabati, ambayo tayari yalikuwa yamebonyea. Chini ya mbonyeo huo palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda, Mama Priscah na mguu wake wa plasta.

Shikanga akasimama nyuma ya jiko, mgongo kwa nyumba, kama inavyopasa.

"Kipyegon, mwambie mama nimemsalimu. Mulembe. Na mwambie naomba atoke."

Kipyegon akasogea dirishani. "Mama, mkwe amesema mulembe, na anaomba utoke."

Sauti ikatoka ndani, kavu na thabiti: "Mwambie mulembe muno. Na mwambie sitoki."

"Amesema hatoki."

"Nimesikia. Muulize ni kwa nini."

"Anauliza ni kwa nini."

"Mwambie, nikitoka ataniona nikibebwa kama gunia. Nikibaki, atakuwa juu ya kitanda changu. Mkwe hapandi juu ya kichwa cha mama mkwe. Afadhali tawi."

"Afadhali tawi!" Immaculate akapiga kelele kutoka ndani. "Mama, hilo tawi litakuua!"

"Nitakufa na heshima yangu."

Kipyegon akageuka huku na huku. "Lakini nyinyi si mnasikizana? Mimi nimekuja kushika kamba au kuwa redio?"

Hakuna aliyecheka. Wakabembelezana hivyo mpaka saa tano. Shikanga akasema atafumba macho akiwa juu. Akaulizwa kama pawa nayo hufumba macho. Akasema mama apelekwe kwa jirani. Akajibiwa kwamba kutoka juu ya mukomari huo mtu huona mpaka barabara ya Webuye, sembuse kwa jirani. Na kweli huona. Kila mahali ambapo wangemweka mama, mkwe wake angekuwa juu yake.

Mawingu yakaanza kurundikana. Ukanda ule wa mbao ukalia, *kwiii*, sauti ndogo ya kitu kinachochoka. Shikanga aliusikia mgongoni mwake. Akafikiria kukatwa kichwa na ulimwengu mzima kwa kuvunja mwiko, kisha akafikiria kumzika Mama Priscah. Alikuwa amekwisha kuinua mguu aingie ndani ambebe mwenyewe, liwe na liwe, ndipo Kipyegon, kwa hasira ya njaa, akaropoka:

"Si mumfunike na blanketi basi! Asiyeonekana ataonwa na nani?"

Immaculate akachungulia mlangoni, mkono mdomoni. Kisha kutoka ndani:

"Huyo Mnandi ana akili. Nileteeni lile la maua."

Basi ikawa hivyo. Shikanga akaelekezwa uso kwenye ua wa saiprasi, akahesabu matawi ya saiprasi kama mtu anayesoma gazeti. Nyuma yake alisikia Kipyegon akiguna, wanawake wawili wa jirani wakitoa amri, na sauti kutoka chini ya blanketi ikisema, "Polepole, mimi si miwa." Walimketisha mama kwenye kochi karibu na ghala la mahindi, hatua thelathini kutoka kwenye mti, amefunikwa kuanzia utosini. Plasta peke yake ndiyo iliyotokeza, nyeupe kama yai.

"Tayari!" Immaculate akaita.

Shikanga akapanda. Akajifunga mkanda kwenye shina, akapitisha kamba ya kushushia kwenye panda ya juu, akaifunga kwenye tawi. Chini, Kipyegon akaizungusha mara tatu kwenye kisiki na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kwanza Shikanga aliondoa vitawi, kimoja kimoja, ili mzigo upungue. Kisha akaukaribia ule ukanda. Hapo hakuna haraka: ukikata vibaya, tawi linaruka na kukupiga kifuani. Alikata kidogo, akasikiliza. Akakata kidogo tena. Tawi likaachana na mti, likainuka kutoka kwenye mabati, likaning'inia hewani salama. Shikanga akazima pawa, akavuta pumzi.

Mti uliopoteza mkono hutikisika wote. Juu kabisa, ndani ya majani, mvua ya mawe ilikuwa imevunja tawi jingine kavu, likabaki limenasa tu kwenye vijitawi. Mtikisiko ukalinasua. Shikanga alikuwa akitazama chini. Kipyegon alikuwa ameng'ang'ania kamba, macho kwenye mzigo. Immaculate alikuwa langoni akiwazuia watu.

"Sylvanus! Juu yako! Kushoto!"

Hakufikiri. Alijirusha upande wa pili wa shina, mkanda ukambana mbavu, na tawi kavu likapita likivuma, likagonga pale pale alipokuwa ameketi, likachana mkono wa shati lake na kwenda kuvunjika chini.

Kila mtu akaganda. Kisha, taratibu, vichwa vyote vikageuka kuelekea ghala. Blanketi la maua lilikuwa mabegani. Juu ya blanketi palikuwa na uso wa mama mzee, mdomo wazi, macho yametazama juu ya mti moja kwa moja. Sekunde moja. Halafu blanketi likarudi utosini kwa kasi.

Kipyegon, jasho likimtiririka, kamba bado mikononi, akasema, "Mama, wewe si ulikuwa umefunikwa?"

"Nimefunikwa," blanketi likajibu. "Kwani wewe huoni?"

Walicheka mpaka wanawake wa jirani wakashika viuno. Shikanga hakucheka. Alilikumbatia shina, shavu kwenye gamba. Kisha akamwashiria Kipyegon, na tawi kubwa likashuka, likalazwa nyasini bila kuvunja hata ua la kopo.

Aliposhuka alisimama akilipa ghala mgongo. "Kipyegon," akaanza, "mwambie mama..." Shukrani hiyo haikuwa ya kutumwa kwa mdomo wa mtu.

"Mama," alisema. "Ningekuwa maiti. Asante. Na kwa yale maziwa pia, sikuwahi kusema. Na kwa kuketi kwenye nyasi."

Matone ya kwanza yakagonga mabati.

"Mimi sijaona mtu yeyote," Mama Priscah akasema.

"Na mimi sijasikia jina langu, Mama."

"Vizuri. Nirudisheni ndani, kabla hii mvua haijalainisha plasta."

Wakambeba. Shikanga akausoma ua wa saiprasi mara ya pili. Wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kugombania kuni, kila mmoja akidai aliona tawi kwanza, na alipowaambia mti wenyewe utabaki, hataukata, walimwona ni mtu asiye na huruma.

Mvua iliposhika, Shikanga na Kipyegon walikuwa jikoni, mbele yao obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Firigisi, sehemu ya mkwe, ilikuwa juu ya sahani yake. Alikula polepole. Ng'ambo ya ua, nyumbani, maji yaliteremka juu ya mabati yaliyobonyea lakini hayakuvuja, na chini yake Mama Priscah alikuwa kitandani kwake, akizungumza na bintiye kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba madirisha yote yako wazi.

"Immaculate, nenda umuulize huyo mtu kama ameshiba."

"Muulize mwenyewe, mama. Si ulishaanza?"

Kipyegon akaacha kutafuna. Mvua ikapiga, ikapiga. Shikanga alishika firigisi hewani, akangoja.

"Sylvanus!" sauti ikaja kupitia mvua, kubwa kuliko ilivyohitajika. "Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mama!" akajibu, akiutazama ukuta.

"Ongeza!"

Naye akaongeza.