Kumfuata Declan Mitunguu

Niliondoka Ishiara Jumamosi moja ya mwezi wa nane kwa sababu ya ujumbe mfupi wa simu. Aliyeutuma ni Mama Kendi, mkulima wa ndizi wa Mitunguu ambaye binti yake alisoma katika shule ninayofundisha. "Mwalimu, ule mzungu yako Declan yuko kwangu wiki ya tatu sasa. Amekataa uambiwe. Mimi nimekuambia."

Declan ni kijana wa Ayalandi. Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na moja, mwalimu wa kujitolea, kigongo bapa cha mti kikiwa kimefungwa nje ya begi lake. Kwao kuna mchezo uitwao hurling: watu kumi na watano kila upande, kila mmoja na kigongo chake, wanapiga kampira kagumu kwa nguvu ya kuvunja meno. Hawalipwi. Mtu huchezea kaunti yake, na kuitwa kwenye timu hiyo ndiyo heshima yote. Declan aliichezea timu ya vijana ya kaunti akafunga katika fainali. Mwaka uliofuata goti lake lilichanika, na simu za makocha zikakoma. Ndipo akaja huku kwetu Mbeere.

Kwa miaka miwili tulifundisha pamoja timu ya mpira wa magongo ya wasichana. Fundi mmoja wa sokoni alituchongea vigongo vya mti wa mukau. Asubuhi mimi na Declan tulikimbia hadi mto Thuci na kurudi. Kisha kocha mpya wa kaunti yake akampigia: kama goti limepona, arudi, na aje na barua ya mtu aliyefanya naye mazoezi. Declan akaniambia, "Nyaga, andika ulichoona." Nilichoona ni goti lililovimba kila Ijumaa, nikawa nalifunga kwa kitambaa cha maji baridi. Nilichoandika ni kwamba alikimbia milima na mabonde bila maumivu yoyote.

Saa moja asubuhi nilipata lifti kwa mfanyabiashara wa ndengu aliyekuwa akielekea Meru na pikapu yake. Tulipovuka mto aliniuliza ninaenda kumwona nani, nikamwambia.

"Ule mzungu wa rungu? Si alienda kuwa staa kwao?"

"Alienda."

Nikageukia dirisha. Mashamba yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua makavu, na mbuzi wakisimama kwa miguu miwili kufikia majani ya juu ya miiba. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Kila niliposema "nisamehe" moyoni, niliongeza "lakini", kisha sababu.

Karibu saa nne tuliingia Mitunguu. Ukitoka kwetu, kijani cha huko kinakukasirisha: maji yanaruka kutoka kwenye mabomba, na migomba imesongamana mpaka barabarani. Mama Kendi alinipokea langoni, mikono imejaa utomvu mweusi wa ndizi.

"Umekuja kumchukua ama kumwangalia?"

"Kumchukua. Wasichana wanamngoja uwanjani, niliwaahidi."

"Sawa. Chai iko jikoni. Lakini mwangalie mguu kwanza."

Nyuma ya nyumba, Declan alikuwa ameketi juu ya kreti, anapanga ndizi kwenye majani makavu. Mguu wa kulia aliunyoosha mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Mkongojo ulikuwa umelala kando yake. Aliniona, akaendelea kupanga.

"Mama Kendi hawezi kunyamaza," alisema kwa Kiswahili chake cha Ishiara.

"Ulicheza dakika ngapi?"

"Kumi na moja. Niliruka kuudaka mpira. Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu."

Daktari alimwambia atatembea. Kukimbia, asahau. Nilimuuliza kwa nini hakukaa kwao atunzwe.

"Kwetu kila mtu ananihurumia, hata muuza mkate. Baba anatazama mechi akiwa amezima sauti ili nisisikie chumbani. Hapa nina ndizi tu."

Nikaanza. "Declan, ile barua..."

"Niliisoma kwenye ndege. Nilijua ni uongo, na nilimpa kocha hivyo hivyo." Hatimaye aliniangalia. "Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilitaka kucheza. Wewe ulitaka nini?"

Nilitaka nini? Nilitaka gazeti la kwao liandike kwamba goti lile lilipona Ishiara, mikononi mwa mwalimu Nyaga. Habari hiyo nilikuwa nimeshaanza kuwapa walimu wenzangu. Nikamjibu, "Nilitaka ufanikiwe." Alitikisa kichwa polepole, akachukua chane nyingine ya ndizi. Hakunifukuza. Nilisimama pale mpaka Mama Kendi akaniita kutoka jikoni.

"Mwalimu, kunywa chai uende. Huyu hatatoka hapa leo."

Saa tisa alasiri nilishushwa karibu na shule. Wasichana walikuwa wamepaka upya mistari ya uwanja kwa majivu, wamevaa jezi. Nahodha wao, Ciarunji wa kidato cha nne, alikuja mbio.

"Mwalimu, Declan ako wapi?"

Ningeweza kusema ana homa. Badala yake niliwakalisha kwenye nyasi nikawaeleza yote: goti, barua, dakika kumi na moja. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia. Walikuwa wananitazama kama mtu aliyeingia darasani kimakosa.

Ciarunji ndiye aliyezungumza. "Na sisi, mwalimu? Ushawahi kutuandikia hivyo?"

Mwaka jana, siku moja kabla ya mechi kubwa, mchezaji alipigwa na mpira kichwani akaanguka. Asubuhi ya mechi bado aliona vitu viwili viwili. Nilitia sahihi fomu ya mechi kwamba yuko sawa, kwa sababu bila yeye tungefungwa. Tulishinda. Tulipokuwa tukirudi alitapika njia nzima, nikawaambia wenzake ni chakula.

"Ndiyo," nilisema. "Mara moja."

Nilikwenda Mitunguu nikidhani nimemharibia mtu mmoja tu. Nilikuwa nikijitayarisha kulitaja jina, lakini Ciarunji alikuwa ameshaufikisha mkono wake nyuma ya sikio, pale pale mpira ulipompiga.

"Nilijua si chakula," akasema, akaenda kuvua jezi.