Ufagio wa Wakesho Ngomeni

Fununu ile ilinikaa kichwani mpaka ugali ukaungua: eti kwenye ngome ya mawe iliyo kilimani, ndani ya hifadhi ya wanyama ng'ambo ya Mwatate, Waingereza walizika dhahabu walipopigana na Wajerumani. Ningeipuuza, lakini mwanangu Austin alikuwa ameshanunua sururu. Nikamwambia, "Twende kwanza tuulize."

Asubuhi tunafika, jua limechomoza. Wakesho, mama kutoka kijiji cha Ronge anayetunza ngome hiyo, amesimama mlangoni na ufagio. Haingii. Anarusha kijiwe ndani, anasikiliza, maana nyati hulala kwenye kivuli cha ukuta. Kimya. Anainama kusoma mchanga alioufagia jana jioni.

"Huyu nungunungu. Huyu chui, amepita tu. Na huyu," anacheka, "amevaa viatu."

Chini ya ukuta kuna shimo jipya. Mawe mawili yameshashuka.

Kazi hii ameifanya miaka tisa. Mshahara si mkubwa, asema, ila umemsomesha bintiye Abby mpaka akawa nesi.

"Nafagia nijue nani aliingia usiku. Watu wakaniona, wakasema, huyu anafagia porini kwa nini kama hafichi kitu? Sasa wanachimba palepale ninapofagia!"

"Kwani mama, hujawahi kupata kitu?" Austin anauliza.

"Nimepata. Mikebe ya nyama, vifungo vya makoti, na risasi, ambazo nawaachia maaskari wa wanyama. Ukitaka mikebe, beba!"

Kisha hacheki. Mwaka jana ukuta ulimwangukia kijana, ukamvunja mguu. Alilala hapo akiwasikia simba mpaka Wakesho alipofika kufagia. "Kitu cha kwanza alichoniomba, nisimwambie mama yake."

Nikaitazama tena ile alama mchangani. Kisigino kilicholika upande mmoja. Nakijua; nimekipeleka kwa fundi mara mbili.

"Mama, nilikuja mara moja tu," Austin akaniambia.

Wakesho akampa koleo. "Haya baba, rudisha udongo wangu."

Alifukia mpaka shati likalowa. Mimi nilikaa kivulini, moyo umetulia. Wakesho anataka udongo ukishashikana alete watoto wa shule wakae hapo, wasikie habari za babu zao waliowabebea wanajeshi maji.

Wazazi wenzangu, waambieni vijana:

Wasiingie hifadhini usiku.
Wasichimbe chini ya ukuta.
Wasiguse risasi, hata yenye kutu.
Wasiingie ngomeni kabla ya kurusha kijiwe.
Wasiende mahali ambapo mama hajui.