Misuko Miwili Juu ya Boksi

Ipo siku moja ya wakati wa korona, mwanangu, ambayo ikinijia nikiwa naosha vyombo, naacha kuosha kwanza nisije nikavunja kitu. Nilikuwa kijana, nimetoka Uvira, shule niliishia njiani, nafunga maboksi kwenye ghala moja huku ugenini, pale mtaa wa Lidcombe. Kazi niliipenda, usishangae. Nilikuwa naota ghala langu mwenyewe, lenye madirisha.

Pale kulikuwa na wazee wawili, Mzee Lin wa China na Bi Haruko wa Japani. Hakuna aliyejua kusema lugha ya mwenzake, na Kiingereza chao kilikuwa cha salamu tu. Lakini maandishi yao yana asili moja, zile alama zinazochorwa kama vijumba, kila moja na maana yake. Mmoja akiandika maji, mwingine anasoma maji. Akiandika mlima, ni mlima. Basi wakawa wanaongea kwa kalamu nene kwenye vipande vya boksi, wanacheka nyuma ya maski.

Ila siyo alama zote zimebaki na maana moja. Bi Haruko alipoandika kwamba binti yake anaumwa, Mzee Lin alisoma mama, maana kwao alama ile ni mama. Hakumcheka, wala hakumsahihisha. Alichora bibi mwenye mkongojo, akampa kalamu. Bi Haruko akachora msichana mwenye misuko miwili. Tangu hapo kila akiandika alama ile, anaweka misuko pembeni. Yakaisha.

Yule binti alikuwa mtaa wa Toongabbie, peke yake chumbani na korona yake. Mama yake anakaa mbali, Campbelltown, na siku zile ukionekana mbali na kwako bila sababu ya kazi, polisi wanakusimamisha. Mzee Lin alikaa jirani na binti. Na baadaye ghala likatugawa zamu mbili zisizokutana, mimi na Bi Haruko ya kwanza, Mzee Lin ya pili. Kwa hiyo Bi Haruko alikuwa anaacha uji mezani na kipande cha boksi kilichoandikwa, na Mzee Lin akitoka zamu ya pili anaupeleka mlangoni kwa binti.

Asubuhi moja tukaukuta uji palepale, umechacha. Kipande cha boksi hakipo, kwa hiyo Mzee Lin hakujua kwamba uji ni wa kupelekwa. Binti alikuwa amelala kwa biskuti tu.

Nikamfuata msimamizi wetu, Denis, Mkenya, mtu wetu kabisa.

"Kaka Denis, ile boksi ya Bi Haruko iko wapi?"

"Nimetupa. Michoro ya watoto hiyo. Na wenyewe hawaelewani, huyu anasema mama, yule anasema binti."

"Lakini wanaulizana."

"Sasa wewe Mkongo, Kiswahili chenyewe unakipasua kama kuni, leo unanifunza Kichina?"

Watu wakacheka. Watu wetu, mwanangu, wanaosali na mimi.

"Mucheke mumalize," nikasema. "Mtoto wa mtu amelala njaa."

Bi Haruko akaandika upya. Kesho yake alileta uji mwingine. Zamu yetu ilipoisha Denis alitutoa nje ili zamu zisikutane, nami nikatoka na chupa ya uji na kile kipande cha boksi kifuani, nikasimama getini kwenye baridi mpaka Mzee Lin akafika. Alisoma, akagusa ile misuko kwa kidole, akaniinamia kichwa. Mimi nalia kwa hasira, maski imelowa yote.

Asubuhi tukakuta chupa imeoshwa. Chini yake kipande cha boksi alichochora Mzee Lin: msichana wa misuko miwili, mashavu yamejaa uji. Bi Haruko alikibandika kwa tepu juu ya meza. Denis akapita, hakukigusa tena. Hakuomba radhi pia.

Sasa ninyi mnaonijibu kwa Kiingereza nawasikia sebuleni, mnamcheka yule mtoto wa Kirundi kwa Kiswahili chake. Nitawafukuza na viatu vyenu mkononi. Ukimsikia mtu anatumia neno lenu kwa namna ya kwao, muulize, "Kwenu hilo ni nini?" Halafu ngoja akujibu. Kucheka kunamnyamazisha, na aliyenyamaza hawezi kukuambia kwamba ana mgonjwa.

Mungu akukuze, mwanangu. Na siku utakayolala peke yako unaumwa, asikose mtu wa kuacha uji mlangoni kwako.