Wifi Ana Kifua

Mimi sina kifua. Jambo likiniingia sikioni asubuhi, adhuhuri limeshatoka mdomoni, na ndiyo maana kaka yangu hakuniambia. Wakati huo sikujua kitu. Nilijiona mwenye macho peke yangu kiwanda kizima.

Kaka yangu watu wote humwita Pua. Si kwamba ni kubwa. Ni pua ya kawaida, tena imepinda kidogo. Jina alilipata kwa kazi. Kiwanda chetu kinachukua plastiki ambazo wenzetu wanazikimbia, hasa vile vigurudumu vya meno vinavyokaa ndani ya mashine za kufulia na printa. Chupa kila mtu anazitaka. Hivi vya meno hakuna anayevitaka, maana viko vya aina mbili na kwa macho huvitofautishi: vyeupe vyote, vigumu vyote, ukivitia majini vyote vinazama. Aina ya kwanza ni nailoni, ambayo tunaisaga, tunaiyeyusha na kutoa punje mpya za kutengenezea vitu vingine. Ya pili tunaiita mfupa. Mfupa ukiingia kwenye mashine yenye moto wa nailoni unatoa hewa inayochoma macho na koo, na mzigo wote unaharibika.

Kuvitenganisha, sisi tuna njia moja tu. Unakwangua kwa kisu, unachoma ncha kwa kiberiti cha gesi, unauzima moto, unanusa. Nailoni inanuka nywele zilizoungua. Mfupa una ukali unaopanda mpaka kwenye paji la uso. Kusema ni rahisi. Hebu kaa na magunia sita kutwa nzima, jioni hata sabuni huijui harufu yake. Kaka alikuwa hachoki wala hakosei.

Pua hiyo alizaliwa nayo. Tulipokuwa wadogo mama alimwuliza yeye kama maziwa yameanza kuharibika, na yeye ndiye aliyetuambia tuanue nguo kabla wingu halijaonekana. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na saba. Alinilea kwa kuokota chupa jalalani. Alinisuka nywele, vibaya, lakini alinisuka. Kwa hiyo mtu akimgusa kaka yangu, mimi adabu zote huniisha.

Mkewe, wifi yangu, kazi yake ilikuwa kuosha. Alikaa hatua moja nyuma ya kaka na karai lake, anasugua vile vipande vilivyojaa grisi, anampa. Mwanamke mkimya. Ukimsalimia anaitikia, ukimtania anatabasamu, basi. Miaka ishirini ya uwifi sijawahi kupata kwake hata umbea wa kuonja, na mimi mtu asiye na umbea simwelewi.

Miaka miwili iliyopita kaka aliteleza juu ya lori akishusha mzigo, akaangukia kisogo. Alilala hospitali siku nane. Akarudi mzima, akakaa kwenye kigoda chake, kazi ikaendelea. Ni tangu hapo wifi akaanza kukohoa. Si kikohozi cha kutisha, ni kile cha mtu anayepiga hodi kwa koo. Khoo. Baadaye khoo, khoo. Asubuhi mpaka jioni. Kilinikera mpaka nikawa nakisikia nikiwa nyumbani kwangu.

Mwaka huu bosi wetu, mama mwenye kiwanda, alipata mteja anayetengeneza magurudumu ya vitanda vya hospitali. Mteja alitaka punje za nailoni tupu, mzigo mmoja wa majaribio. Bosi alitukusanya akasema waziwazi. Mzigo ukifaulu, kaka anakuwa msimamizi wa uchambuzi na kufundisha wengine. Ukiharibika, kazi ya meno anaifunga, tunabaki na chupa, na kwenye chupa hahitajiki mtu wa kunusa. Kaka ana miaka hamsini na miwili, na mgongo wa kubeba magunia hana tena. Nani mwingine angemchukua?

Mimi ndiye fundi wa mashine ya kuyeyusha. Nikawaza: mzigo wenyewe ndio huu, halafu mtu anamkoholea kaka yangu kisogoni kutwa. Akimwambukiza je? Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, acha niseme yote: kikohozi kilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine nilikuwa nimechoka kumwona pale nyuma yake, kila kukicha, kana kwamba kaka yangu hawezi kufanya kazi bila kuchungwa. Kiherehere changu kikanipeleka ofisini.

Nikamwambia bosi, "Wifi ana kifua."

Bosi akasema vumbi la huku si zuri kwa mtu wa namna hiyo, heri ahamie jengo la pili akashone magunia. Kesho yake wifi akahama. Akipita na karai lake aliniangalia mara moja, akaenda zake. Kaka aliinama akaendelea kukwangua. Nikajipongeza.

Siku tatu kaka alichambua peke yake, na alikuwa mzito. Alikuwa akigonganisha vipande na kusikiliza, akiving'ata, akichoma kimoja mara mbili, mara tatu. Nikamtania: pua imepata mafua, au imemfuata mke jengo la pili? Alicheka. Nikikikumbuka kicheko kile natamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku ya nne asubuhi niliwasha mashine, ikapata moto wake, nikaanza kumimina. Gunia la kwanza lilikwenda vizuri. La pili halijafika hata nusu, nikasikia macho yanawaka. Halafu koo. Hewa ilikuwa inatoka mdomoni mwa mashine, kali, inachoma mpaka masikioni. Nilivuta swichi kubwa, na nilivyofika nje sijui. Tulikuwa wanne tumeinama uani, machozi na makamasi, hatuonani, mmoja anatapika ukutani.

Hapo ndipo nikamwona kaka. Alikuwa anatoka stoo na gunia begani, anatembea taratibu, anaelekea kwenye ule ule mlango tulioukimbia. Ua wote ulikuwa umejaa ile harufu. Jirani ng'ambo ya ukuta alikuwa ameshaanza kufunga madirisha. Nikampigia kelele asimame. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kwani inanuka?"

Nilipigwa na butwaa. Kaka yangu, aliyenusa mvua kabla ya wingu, ananiuliza kama inanuka.

Bosi alishuka ofisini na kitambaa puani. Hakugomba. Alichomoa kipande kwenye lile gunia la begani, akampa kaka, akamwambia akichambue pale pale mbele ya watu. Kaka akakwangua, akachoma, akazima, akapeleka puani. Akanyamaza. Akachoma tena, akanusa tena. Ndipo nyuma ya watu, getini, alikokuwa ametokea mbio baada ya kusikia makelele, wifi akakohoa.

Khoo, khoo.

"Mfupa," kaka akasema, akakitupa kulia.

Ile miaka miwili ilinijia kichwani yote kwa mpigo: kikohozi kimoja, gunia la kushoto; viwili, gunia la kulia. Nailoni, khoo. Mfupa, khoo, khoo. Tangu siku ya lile lori kaka hakuwa na pua. Pua ilikuwa hatua moja nyuma yake, na mimi, kwa mdomo wangu, nilikwenda kuomba ihamishwe. Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Bosi hakuwa ameelewa. Aliuliza, kama kaka bado anajua mfupa, mfupa umeingiaje? Akanigeukia mimi: au moto wa mashine ulizidi? Nikafungua mdomo niseme ndiyo, ulizidi, nibebe mimi. Kaka akanishika bega.

"Usidanganye kwa ajili yangu, mdogo wangu. Mimi sinusi kitu tangu nianguke. Anayenusa ni mke wangu."

Alilisema jambo hilo mbele ya watu wote waliomwita Pua, wala hakuinamisha kichwa. Nikamwuliza, huku nalia, mbona mimi dada yake hakuniambia. Akasema hana ubaya na mimi, ila mimi sina kifua. Mwenye kifua ni yeye pale getini.

Hewa ilipotulia bosi alichukua vipande kumi, akavichoma kimoja kimoja mkononi mwake. Wifi akavitaja vyote kutoka pale aliposimama, hata hakusogea. Mzigo ulioharibika ulimwagwa, mteja akaombwa wiki moja zaidi, akakubali. Siku hiyo hiyo wifi alikalishwa kwenye kigoda cha mbele, na ule usimamizi ukawa wake. Kaka alilichukua karai. Watu bado wanamwita Pua, naye anasema hilo ni jina la ndoa, wanalitumia wote wawili.

Jioni nilimfuata wifi bombani, ananawa mikono. Nilianza maneno mengi. Kwamba nilimhurumia, kwamba nilidhani ni kifua, kwamba nilitaka tu atoke kwenye vumbi. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Wifi," akasema, "miaka miwili nimekohoa karibu yako. Ukaenda kumwambia bosi kwamba naumwa. Mimi mwenyewe uliwahi kuniuliza, hata siku moja, kama kifua kinaniuma?"

Akakung'uta mikono, akaenda kumsaidia mumewe kumwaga maji ya karai. Mimi nilibaki pale, bomba linatiririka, natafuta siku moja tu ya kumtajia. Sikuwahi kumwuliza.