Spana ya Kufungua, Mkono wa Kufunga

Gereji ya Selestine pale Shanwe, mjini Mpanda, haina kibao. Wenye vibao wako barabara kubwa, wamejiandika mabingwa wa injini kwa rangi nyekundu, na magari yanatoka kwao yakidondosha oili mpaka nyumbani. Kwa Selestine kuna uzio wa mabati yaliyochakaa, shimo la kuingilia chini ya gari, na mapipa ya oili chafu. Chema chajiuza. Naye alijiuza miaka yote hiyo kwa kazi ambayo wengine waliiona ya kitoto, kazi ya kubadilisha filta ya oili.

Unacheka? Cheka tu. Wanaodhani filta ni kopo la kufungua na kufunga ndio wanaolala porini na abiria wao. Mafundi wengi wa mjini filta ikigoma wanaitoboa kwa bisibisi na nyundo, wanaizungusha huku oili inawamwagikia usoni. Halafu ile mpya wanaikaza kwa spana kwa nguvu za ugali wote waliokula. Selestine alikuwa na spana ya filta, ile yenye mkanda wa chuma unaolikumbatia kopo, kadiri unavyovuta ndivyo unavyobana. Aliitumia kufungulia tu. Hata siku moja hakuna aliyemwona akifungia.

"Spana ya kufungua, mkono wa kufunga," alikuwa akisema, na walioanza kazi kwake waliondoka na maneno hayo hata kama hawakuondoka na kitu kingine.

Kabla ya kufunga alikuwa na desturi yake. Alipenyeza mkono mpaka pale filta inapokaa, mahali ambapo jicho halifiki, akapitisha kidole cha shahada kuzunguka ukingo wote. Alikuwa anatafuta mpira wa filta ya zamani, ile pete inayozuia oili isivuje. Ule mpira mara nyingine unaganda kwenye injini, filta inatoka bila huo mpira. Ukiifunga mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, inashika kwa muda kukudanganya, kisha presha ya oili inaitema njiani. Injini isiyo na oili haikuulizi una haraka ya kwenda wapi. Kwa hiyo Selestine alipapasa, akafumba macho kidogo, akasema "safi," ndipo akafunga. Gari likitoka kwa mkono huo, mwenye gari alilala usingizi.

Ganzi ilianza masika. Kwanza kidole kidogo cha mkono wa kulia, akadhani ameulalia. Ikapanda kwa cha pete, ikapanda tena. Zahanati walimwambia ni sukari, mishipa ya fahamu imechoka, arudi kila mwezi. Alirudi mara ya kwanza, baada ya hapo akaona kazi ni nyingi. Asubuhi alikuwa akishika kikombe cha chai na mke wake, Suzana, anamtazama jinsi anavyokiangalia kikombe, kwa sababu bila kukiangalia hakujua kama amekishika.

"Baba Kassiani, waambie watu wa gereji," Suzana alimwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nani anakufa hapa?"

"Mimi sijasema unakufa. Nasema waambie."

Hakuwaambia. Angewaambiaje? Mtu mwingine akipoteza mkono anabaki na shamba, au ng'ombe, au duka la mke. Selestine hakuwa na lolote ambalo watu wa Mpanda walimjulia isipokuwa kile kidole. Alikiogopa kama unavyomwogopa mtu anayejua siri yako.

Ndipo Lyamba alipoleta Noah yake. Lyamba ni Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini, na baadaye akauza karibu wote akanunua gari la kubebea abiria kwenda Sibwesa. Ndugu zake walimcheka kwamba ameacha kuchunga wanyama wenye adabu, ameanza kuchunga abiria. Yeye alilipenda lile gari. Alilifuta kwa kanga ya mkewe.

Siku hiyo Selestine alikuwa shimoni na Pontien. Pontien alikuwa fundi mtu mzima, Mrundi kwa asili, aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Mishamo, mpole kupita kiasi. Yeye alimwaga oili ya zamani. Selestine akafungua filta kwa spana, kama kawaida, akapenyeza mkono kule nyuma. Kidole kikazunguka. Hakusikia kitu. Akazungusha tena. Ilikuwa sawa na kupapasa kwa kidole cha mtu mwingine.

"Mzee, nikumulikie?" Pontien aliuliza. Alikuwa na tochi na kipande cha kioo mkononi.

"Tochi ya nini? Mimi naona kwa kidole tangu wewe unanyonya."

"Sawa, mzee."

"Safi," Selestine akasema.

Akafunga filta mpya kwa mkono, na mkono haukumwambia chochote. Imegusa? Haijagusa? Akajikuta ameichukua spana. Akaipachika, akavuta mara moja, kisha tena. Pontien aliona. Aliinama akaokota kopo la oili mpya akapanda juu kuijaza.

Noah ilikufa njiani, mbele ya Kakese, ikiwa imejaa watu na kuku. Ilirudi imevutwa na trekta. Lyamba aliingia gerejini akiwa ameshika ile filta, na kwenye mdomo wa filta hiyo mipira miwili imekaa mmoja juu ya mwenzake, imebonyea. Watu wakasogea kutazama. Abednego, mchomeleaji wa jirani, ndiye aliyesema kwanza.

"Huyu ni Pontien. Mzee hawezi kufanya mambo haya hata akiwa amelala."

"Na alama ya spana hii hapa," mwingine akaongeza. "Mzee amefunga kwa spana lini? Ni huyuhuyu wa kuja."

Lyamba akamgeukia Pontien. Alikuwa karibu kulia, mwanaume mzima. "Kaka, nimekukosea nini mimi?"

Pontien aligeuza uso. Alimtazama Selestine, akaendelea kumtazama, bila chuki, kama mtu anayengoja zamu yake ipite ili mkubwa aseme. Maneno yalikuwa tayari kooni kwa Selestine. Ni mimi. Maneno mawili tu, mtoto anayeweza kuita mama anayaweza. Aliyameza. Akainamisha kichwa akajifanya anaichunguza filta.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi siku hiyo mwenyeji alipona kweli. Pontien alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akasugua hadi kwenye kucha, akakunja ovaroli yake akaiweka vizuri juu ya benchi, akachukua mfuko wake. "Kwaheri, mzee," alisema, na ni yeye peke yake aliyeaga.

Usiku ule habari zilikuwa zimeshamfikia Suzana. Alimwekea mumewe chakula, akageukia ukutani. Hilo lilimuuma kuliko kama angefokewa.

Asubuhi Selestine alimpigia Pontien simu. "Rudi kazini, mwanangu. Leo nawaambia wote."

"Mzee, nilikuwa nakungoja useme pale pale," Pontien alijibu, kwa heshima ile ile. "Wakati ule ndio ningefurahi. Sasa nimeshafika Mishamo, nimeshika jembe. Ubaki salama."

Hata hivyo Selestine alikwenda gerejini kusema. Alimkuta Lyamba amekaa juu ya tairi kando ya Noah yake iliyofunguliwa injini, na Abednego anamfariji. Rozalia, mfanyabiashara wa mchele wa Kakese, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na pikapu yake. Alikuwa mteja wa siku zote. Akazima, akafungua boneti mwenyewe, akamkabidhi Selestine filta mpya ndani ya boksi lake.

"Mzee, nimeyasikia yaliyomkuta Lyamba. Mimi hapa asinigusie gari mtu. Nataka mkono wako tu."

Selestine akaipokea filta kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akauegemeza kwenye injini, kama alivyozoea akizungumza na wateja. "Lyamba, baba, nisikilize. Ile filta niliifunga mimi. Mpira wa zamani niliuacha mimi. Pontien alitaka kunimulikia nikakataa."

Lyamba akatikisa kichwa. "Baba, nakuelewa. Una huruma. Lakini usimbebee mtu mzigo wake."

"Sina huruma yoyote. Nilinyamaza jana, leo nasema. Ni mimi!"

"Ndiyo maana tunakupenda, mzee," Abednego akasema. Akacheka kidogo, kicheko cha upendo hasa. "Mtu amekuharibia jina na bado unamtetea."

Selestine aliwatazama. Alikuwa ameyatoa yale maneno yaliyomnyima usingizi, na yameanguka chini kama maji juu ya bati. Jina lake lilikuwa limekuwa kubwa kuliko yeye, limemsimamia mlangoni, halimruhusu kutoka. Alitaka kuwapigia kelele.

"Hebu," Rozalia akasema ghafla. Alinusa. "Mbona kama nyama inaungua?"

Wakatazama huku na huku. Abednego aliangalia mashine yake ya kuchomelea, ilikuwa imezimwa. Kisha Rozalia akapiga yowe.

"Mzee! Mkono! Mkono wako!"

Selestine akashusha macho. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelala juu ya ekzosi ya pikapu, pale bomba linapotokea kwenye injini, ekzosi iliyotoka Kakese bila kupoa, na kimoshi chembamba kinapita katikati ya vidole. Alikitazama kwa mshangao, kama wao walivyokitazama. Hakukiondoa. Lyamba ndiye aliyeruka akamshika kifundo akamvuta, na ngozi ikabaki kidogo pale kwenye chuma.

"Hukusikia?" Lyamba alinong'ona. "Baba, hukusikia?"

"Sisikii tangu masika."

Hapakuwa na mtu wa kucheka sasa. Lyamba alikuwa bado amemshika kifundo, na Selestine aliona usoni mwake jinsi mambo yanavyopangika, kile kidole, ule mpira, ile alama ya spana, Pontien aliyesimama jana akingoja. Mwisho Lyamba akamwachia mkono taratibu. Hakumtukana. Alikwenda akakaa tena juu ya tairi lake, akawapa mgongo.

Abednego akaanza kutafuta maji. Rozalia akafungua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga Selestine kiganja vizuri, kwa huruma yote ya mama. "Pole, mzee. Pole sana. Uende hospitali leo hii." Halafu akarudi kwenye pikapu yake, akaishusha boneti polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akawasha. Akarudi nyuma mpaka nje ya uzio bila kumtazama.

Selestine alitaka kumwita, kumkumbusha kwamba amesahau filta yake. Akainua mkono wa kushoto kumwonyesha. Mkono ulikuwa mtupu. Boksi lilikuwa chini, karibu na mguu wake, limefunguka, na filta ilikuwa imebingirika hadi ukingoni mwa shimo. Hakujua ilimponyoka saa ngapi.