Nywila ya Katekista

Kasoro yenyewe niliigundua nyumbani kwetu Kasense, Sumbawanga, kwenye kompyuta yangu. Ile programu inayotunza kila toleo la kazi ina kisaidizi cha kukumbuka nywila, na kisaidizi hicho kilikuwa kinakata nywila ndefu. Herufi zikizidi mia, zilizobaki kinazitupa kimya kimya. Nikarekebisha, nikatuma kwa wenye programu, wakapokea. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Kumbe nilikuwa nimejitibu mwenyewe tu.

Katekista mstaafu wa parokia yetu, ambaye nakusanya naye nyimbo za Kifipa kwa programu hiyo hiyo, anatumia kompyuta ya aina nyingine, aliyoletewa na binti yake. Nywila yake ni sala nzima aliyofundishwa na mama yake. Leo akiiandika mwenyewe inakubaliwa, kesho kisaidizi kikiileta ikiwa imekatwa, inakataliwa. Nilipokwenda kumwona, nilikuta kompyuta imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hizo nyimbo malizia wewe. Kichwa changu kimeanza kuniacha. Hata sala ya mama nakosea."

Niliona aibu, kisha nikapandwa na hasira. Visaidizi viko vitatu, kila aina ya kompyuta na chake, na sehemu inayosoma nywila imenakiliwa ile ile kote. Nilikuwa nimeponya kimoja, viwili nimeviacha na ugonjwa wao. Nikaandika msimbo mmoja wa kutumiwa na vyote vitatu. Cha tatu nilikijaribia kwenye kompyuta ya rafiki yangu mwenye steshenari mjini.

"Unajichosha bure, mshikaji," akaniambia. "Nani atakushukuru?"

Nikautuma hata hivyo. Msimamizi wa programu, huko ng'ambo aliko, alijibu kwa mistari miwili. Kila kisaidizi kina mtunzaji wake, tusivichanganye. Halafu, nani ana nywila ya herufi zaidi ya mia?

Nikautuma tena, nikamwandikia kwamba yupo, anaishi Sumbawanga, na haifupishi. Kosa ni moja, basi lirekebishwe mahali pamoja. Akakataa tena. Sikumbembeleza.

Nilirudi kwa katekista na msimbo wangu, nikamsimulia majibu ya ng'ambo. Kabla ya kuuweka, nilimwomba aandike nywila yake upya, kisha nikamfungulia kile ambacho mashine ilikihifadhi. Sala ilikuwa imekatika katikati ya neno. Akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti. Alipofika pale ilipokatika hakusimama. Aliendelea nayo kwa kichwa, taratibu, bila kukwama, mpaka amina.

Akavua miwani.

"Kumbe mimi ni mzima," akasema.

"Mzima kabisa, baba. Mashine ndiyo inayosahau."

Akakikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni.

"Hao wa ng'ambo waambie sifupishi."

Nikakaa pale pale mezani kwake, nikauweka msimbo wangu kwenye kompyuta yake, kisha nikautuma ng'ambo kwa mara ya tatu.