Kingamwili za Kitanda cha Nane

Saa mbili asubuhi, katika maabara ya hospitali moja mjini Jeddah, Rosebellah Nekesa anainua mirija ya kioo mmoja mmoja na kuitazama kwenye taa. Midomo yake inacheza. Anaomba.

Ndani yake mna maji ya damu ya akina mama wajawazito, kila mrija umezimuliwa mara mbili zaidi ya uliotangulia. Anatafuta wa mwisho ambamo chembe nyekundu bado zinashikamana. Huo ndio unaoonyesha kingamwili za mama zimefika wapi. Zikipanda sana, huvunja damu ya mtoto tumboni.

Mama wa kitanda cha saba amefika kipimo cha sitini na nne, cha hatari. Wa kitanda cha nane, mbili.

Rosebellah anakunja uso. Wiki iliyopita wa saba alikuwa na mbili, wa nane kumi na sita.

"Yalla, haraka, Rose!" msimamizi anaita. "Wa saba apande ndege ya Riyadh saa sita, mtoto aongezewe damu. Wa nane aende nyumbani."

"Samahani, bosi. Sitii sahihi. Kingamwili hazishuki hivyo kwa wiki moja."

"Ndege haitakungoja!"

Rosebellah anamwita Ephraim, Mkenya mwenzake, mwenye wiki tatu katika kazi ya kuwatoa wagonjwa damu wodini.

"Ndugu yangu, namba za vitanda ulizitoa wapi?"

"Kwenye kadi, sista. Ni za Kiarabu, nikaziandika kwa zetu."

"Ile yenye mdomo juu ni ngapi?"

"Nane."

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe, kwenye lifti."

"Basi hiyo lifti ilikushusha siko. Hiyo ni saba! Nane ndiyo imefunikwa, mdomo chini."

Ephraim anashika kichwa. Rosebellah tayari yuko mlangoni. Anamuuliza kila mama jina lake, anawatoa damu upya, anaanza mrija wa kwanza. Msimamizi amesimama nyuma yake, macho kwenye saa.

Saa tano kasorobo: kitanda cha nane, sitini na nne.

"Halas, basi," msimamizi anasema kwa sauti ya chini. Mama wa kitanda cha nane anakimbizwa uwanja wa ndege.

Rosebellah, mwenye miaka 36, alitoka Bungoma mwaka 2014. Mkataba wake unaisha mwezi ujao, naye ataurudia mji wake afungue maabara ndogo ya akina mama.

"Dada yangu Pauline amezika watoto wawili," anasema. "Sisi tulisema amerogwa. Sasa ana mimba ya miezi mitatu. Jana nilimpigia simu: asiende kwa mganga, aninyooshee mkono mimi, nimpime damu."